Shajara ya mradi: boti tatu, viota vya kasa na daftari la zamu

Ninayeandika ni katibu wa kikundi cha watu kumi na wanne, ng'ambo ya Mto Pangani. Ukivuka kwa pantoni hadi Bweni unapanda bodaboda, unapita katikati ya minazi na mkonge, na njia ikianza kuwa mchanga mtupu ujue umefika kwetu. Tuna boti tatu za mbao, jiko moja, vijana wanne wa kuongoza wageni na walinzi wa viota vya kasa. Tulichokusudia ni kuona kama wageni wanaopita kwetu kwenda kisiwa cha Maziwe wanaweza kukiachia kijiji kitu, bila bahari kuharibika na bila sisi kugeuka vibarua kwenye ufukwe wetu wenyewe. Nilianza kuandika kwa ajili ya mikutano. Baadaye nikaona humu kuna mambo ambayo vikundi vingine vya pwani vinaweza kuyatumia, hata yale ya aibu.

Januari, maji mafu

Daftari la zamu limetundikwa leo kwenye nguzo ya banda la samaki. Ni kaunta buku ya kawaida. Nimeitoboa na kuifunga kwa uzi wa nyavu, asije mtu akachana karatasi ya kufungia sukari.

Mpaka mwaka jana mgeni wa Maziwe alikuwa wa mwenye simu. Hoteli ikipiga, aliyepokea ndiye aliyepakia. Wenye boti wawili walimaliza mwaka na safari zote, wa tatu akabaki kukipaka chombo chake sifa, yale mafuta ya papa, na kutazama wenzake wakitweka. Sasa ni zamu: moja, mbili, tatu, tunarudi moja.

Mjomba wangu, ambaye injini yake ni mpya kuliko zote, hakuafiki. "Mwanangu," aliniambia mbele ya watu, "mgeni akitaka injini isiyokohoa, mimi nimwambie asubiri inayokohoa kwa sababu daftari limesema?" Swali ni la haki, na lilitukalisha mpaka taa ikaisha mafuta. Tulipofikia ni hapa: mgeni akiomba chombo fulani kwa jina atapewa, lakini safari hiyo inahesabiwa kuwa ndiyo zamu ya chombo hicho. Mjomba alikubali kwa uso wa mtu aliyemeza dawa.

Jaketi za kujiokolea zipo ishirini na mbili, tisa mikanda imekatika. Fundi cherehani amezishona kwa mikanda ya mabegi ya shule. Nimekataa zisitumike. Wakaguzi wa vyombo hawatazipitisha, na hata wangezipitisha, mimi sitamvisha mtoto wa mtu mkanda wa begi katikati ya bahari. Zinanunuliwa mpya tisa, na hiyo ndiyo imekula akiba yetu yote ya mwanzo.

Februari, bamvua

Asiyeishi na bahari hudhani safari ya Maziwe inapangwa na nahodha. Inapangwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji kwetu hupwa mpaka kikomo kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Saa mbili unaondoka, unafika fungu la mchanga likiwa limetoka lote jeupe, wageni wanazamia kwenye matumbawe, saa saba uko nyumbani. Ukienda maji mafu, zile siku za katikati ambazo bahari haipwi mbali, kupwa kunaangukia jioni na hesabu yote inavurugika. Tumechora kalenda ya miezi sita kwa chaki ubaoni, siku za kwenda zina alama, zilizobaki hatuendi. Hoteli moja imelalamika kwamba wageni wao hawawezi kungoja mwezi. Tumewaambia basi siku hizo wawatembeze mjini Pangani, nako kuna mambo.

Babu anaikumbuka Maziwe yenye mivinje. Wavuvi walipiga dago huko, wakalala siku tatu nne chini ya miti, wakakausha samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja, na leo maji ya bamvua yakijaa kisiwa kizima kinazama. Wazee hawajakubaliana ni kwa nini. Wapo wanaosema ni shoka, miti ilikatwa mchanga ukakosa wa kuushika. Wapo wanaosema mkondo ulihama wenyewe. Nimesikia ubishi huu tangu nikiwa mdogo, na nimegundua kwamba waliokuwa na dago kule wanapendelea ile ya mkondo.

Kasa hawana habari na ubishi. Wanaendelea kupanda Maziwe kutaga, usiku, mahali ambapo mayai yataogeshwa na bamvua ijayo. Ndiyo maana viota huhamishwa kuletwa ufukwe wetu. Kazi ina masharti yake. Yai linatolewa mapema, ndani ya saa chache baada ya kutagwa, linabebwa kwa upande lilivyolala bila kugeuzwa, kwa sababu kilichomo kinajishikiza juu ya ganda na ukikizungusha kinakufa. Shimo jipya liwe na kina kilekile. Kiota kimoja kina mayai mia na zaidi, na yatakaa humo siku hamsini mpaka sitini. Mchanga ukiwa wa moto sana watatoka majike zaidi, kwa hiyo hata mahali pa kuchimba panachaguliwa. Vijana wetu walifundishwa kazi hii na wataalamu wa kasa muda mrefu kabla ya kikundi kuwapo, na naandika wazi: hicho ndicho kitu cha pekee tunachokijua kuliko wageni wetu wote.

Nanga ndiyo iliyonikasirisha leo. Nahodha wa zamu ya pili alitupa nanga ya vyuma juu ya matumbawe, wageni wakiwa na miwani majini wanatazama. Mmoja alitoka na kipande mkononi akauliza hiki kitaota lini tena. Tumeanza kutafuta boya la kudumu.

Machi

Ramadhani. Jiko limefungwa mchana, wageni wachache tumewapa matunda na maji, hakuna aliyelalamika. Nimehesabu jaketi.

Aprili, masika

Njia haipitiki, hakuna mgeni, basi tumekaa kuzungumza. Nilikuwa nimeandaa agenda ya bei za chakula. Bi mkubwa wa jiko aliivunja kwa sentensi moja: "Mnatuita tupike siku zilezile bahari inatuita."

Nilikuwa sijaliona, na mimi ni mtoto wa hapahapa. Siku nzuri ya Maziwe ni bamvua. Siku nzuri ya mwani ni bamvua. Siku nzuri ya pweza ni bamvua. Maji yakipwa mbali ndipo kina mama wanapozifikia kamba zao, wanafunga mbegu, wanang'oa magugu, wanavuna kilichotimiza wiki sita. Bamvua inakaa siku chache tu, mara mbili kwa mwezi. Mama aliyeshinda jikoni anawakaangia wageni ngisi siku hizo amepoteza mwani wake wa nusu mwezi. Sisi tulikuwa tukimlipa kwa sahani tukidhani tumemfaidisha.

Kijana mmoja wa kuongoza wageni, kwa nia njema, akasema: kwa nini wageni tusiwapeleke kwenye mwani wawatazame kina mama wakifanya kazi? Wanalipia vitu kama hivyo. Kukawa kimya. Kisha bi mkubwa, bila kupaza sauti: "Nimeinama, maji kiunoni, kanga imenigandia, halafu mtu asiyenijua anipige picha? Mwanangu, mama yako yumo mle." Kijana aliinamisha kichwa. Nami niliinamisha cha kwangu, maana wazo hilo lilikuwa kwenye agenda yangu ukurasa wa pili.

Tuliamua hivi. Mgeni anayetaka kuujua mwani ataingia majini afunge mbegu kama wengine, kamera inabaki ufukweni, na mwenye kamba ndiye anayelipwa, si kikundi. Mama asiyetaka mgeni kwenye kamba zake haulizwi sababu. Na chakula cha mchana kimefutwa. Boti itaondoka na mkate wa kumimina, ndizi na madafu, vitu vinavyoandaliwa alfajiri. Mlo wenyewe, wali wa nazi na samaki wa kupaka, utakuwa saa kumi jioni, kina mama wakiwa wamesharudi, wameoga na wamepumzika.

Nilitegemea wageni walalamike. Naongeza hili baadaye: tangu tuanze utaratibu huu hakuna aliyelalamika. Mtu aliyetoka baharini saa saba akalala kivulini mpaka saa kumi anakula kuliko tulivyozoea, na mchele umebidi uongezwe.

Mei, mvua bado

Mgao wa mapato. Kitu hiki kimeua vikundi vitatu ninavyovijua. Mtaalamu mmoja alikuja na jedwali la asilimia, zuri, lina rangi, hakuna aliyelielewa. Mjomba ndiye aliyetuokoa, yule wa injini mpya. Akasema, tugawane kama tunavyogawana samaki.

Kila mtu hapa anajua mgao wa kivuvi hata akiamshwa usiku. Kwanza yanatoka matumizi: mafuta, chambo, barafu. Kinachobaki kinakatwa mafungu, chombo kina lake, nahodha lake, baharia lake. Tumechukua vivyo hivyo. Yanatoka mafuta na ada ya kuingia eneo tengefu, maana Maziwe ni eneo la serikali na ada yake si yetu kuigusa. Kinachobaki ni mafungu kumi: matatu ya chombo, matatu ya nahodha na baharia, mawili ya jiko, moja la mwongoza wageni, moja la kijiji. Fungu la kijiji linawalipa walinzi wa viota kwanza, likibaki linaingia kwenye mfuko wa zahanati. Hesabu inabandikwa ubaoni kila baada ya bamvua, kwa kalamu nene, namba kubwa.

Wapo waliotaka fungu la kijiji likabidhiwe mkononi ofisini. Mkutano mkuu ulikataa. Siandiki zaidi.

Juni

Tumekwenda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara, tisa katika Noah ya watu saba, kupitia Muheza. Kuanzia Zigi njia inapanda ndani ya msitu, ukungu unaingia dirishani, na sisi wa pwani tukaanza kutetemeka kwa baridi ambayo wenyeji waliita hali ya hewa nzuri. Bi mkubwa alijifunga kanga tatu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa 1997, lakini Wajerumani walikuwa wamekwisha kufungua bustani yao ya mimea pale tangu 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia ingali imesimama. Mingine imetoka bustanini ikaingia msituni, sasa inaisumbua miti ya asili. Mto Zigi unaanzia milima hiyo, na maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Mwenyeji wetu alisema ndiyo hoja yake ya kwanza kwa mtu yeyote anayeuliza msitu una faida gani: anamuuliza alikunywa nini asubuhi.

Alituonyesha ua la Usambara. Nina miaka thelathini na minne na ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona, limejishikiza kwenye jiwe la kijito, rangi ya zambarau, dogo kama kifuniko cha soda. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilituma kwao miaka ya 1890, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo ni ua la madirishani Ulaya na Marekani nzima. Vyungu vyote hivyo vinavyouzwa huko, na Msambaa anayelihifadhi jiwe lake hapati hata senti ya chungu kimoja.

Hata hivyo tulilofuata Amani lilikuwa vipepeo. Wakulima wa vijiji vya huko walifuga vipepeo kwenye vizimba vya neti. Walipanda nyumbani majani wanayokula viwavi, wakakusanya pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kugeuka vipepeo, wakauza kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Sehemu ya mapato iliingia kwenye maendeleo ya vijiji, na mtu aliyepata ada ya shule kutokana na kipepeo ana sababu ya kuutazama msitu kwa jicho jingine. Mradi ulisifiwa nao ulistahili. Kisha 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Amri ilikuwa na sababu zake, ila katika neno hilo "wanyamapori hai" kipepeo naye aliingia. Soko lilifungwa.

Mwenyeji alitupeleka kwenye kizimba chake cha zamani. Neti imechanika, ndani ameotesha maboga. Hakulalamika sana. Alisema waliokuwa na iliki, mdalasini na pilipili manga shambani waliyumba lakini hawakuanguka. Walioanguka ni waliokuwa wameacha shamba, wakakopa kwa hesabu ya pupa wa mwezi ujao.

Kurudi, garini, watu walikuwa kimya mpaka Muheza. Ndipo bi mkubwa akasema: "Wageni wawe kitoweo. Wali tuupike wenyewe." Mjomba akasema mwaka 2020 hoteli zilipokuwa tupu, yeye alikula samaki wake, na jirani yake aliyeuza nyavu anunue viti vya ufukweni alikula nini?

Hapo garini tumepitisha sheria ambayo sikuitarajia. Hakuna mwanachama kuuza nyavu wala kuacha mwani kwa ajili ya mradi, na kikundi hakitamdhamini mtu kukopa injini ya kubebea wageni peke yake. Kijana mmoja alipinga, akasema hivyo hatutakua. Ana hoja. Nimeiandika kwenye kumbukumbu kama alivyoisema.

Julai, kusi

Hili ni gumu kuliandika.

Kiota nambari tano kilitimiza siku hamsini na tano. Mchanga juu yake ulikuwa umebonyea, dalili kwamba chini wameanza kusogea. Hoteli zilipewa habari, wageni kumi na moja wakaahidi kuja jioni. Vitoto vilitoka alfajiri. Binamu yangu alikuwa mlinzi wa zamu. Akawaza wageni kumi na moja na bahashishi yao, akachukua beseni la kufulia, akalijaza maji ya bahari, akavitia humo themanini na kitu. Vilikaa vikiogelea kuzunguka beseni tangu alfajiri mpaka saa kumi na moja jioni.

Kitoto cha kasa kinatoka ardhini na chakula chake tumboni, mabaki ya kiini cha yai, akiba ya kukivusha mbio mpaka maji ya kina ambako samaki wa ufukweni hawakifikii. Akiba ni hiyo moja. Vyetu vilikuwa vimeimaliza kwenye beseni. Vilipowekwa mchangani mbele ya wageni vingi vilitambaa kwa shida, vinne havikufika majini. Wageni walipiga makofi hata hivyo, wakidhani ndivyo ilivyo.

Nilijua usiku, kwa kusimuliwa na mtoto wake. Tulikaa kikao asubuhi. Binamu hakukana. Alisema alidhani anasaidia mradi, na ninamwamini, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukiuliza kila siku wageni wangapi, wageni wangapi. Amesimamishwa bamvua mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la zamu nimeandika kwa wino mwekundu: MGENI HUMSUBIRI KASA, KASA HASUBIRI MGENI.

Kinachofuata kwa vitendo: mgeni anaambiwa mapema kwamba anaweza kulipa asione kitu, pesa yake inakwenda kwa walinzi na hairudi. Tochi ni zile zilizofunikwa kitambaa chekundu tu, kwa sababu vitoto hufuata mwanga, na mwanga wa simu unaviita nchi kavu. Hakuna kushika. Tumepoteza wageni wa hoteli moja kwa masharti haya.

Agosti

Wageni ni wengi, kusi inavuma, safari tatu kati ya tano tumezifuta kwa mawimbi. Kila tukifuta, vijana wanawavusha wageni kwa pantoni kwenda kutembea mjini, na huko nako nimekuta la kurekebisha.

Pangani mjini kuna historia isiyohitaji chumvi. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani alikuja kupandisha bendera, watu wakakataa, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyowaka pwani nzima. Alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sasa, kwa mwezi mmoja nimewasikia vijana wetu wakimnyonga Abushiri kwenye miti mitatu tofauti, kutegemea mti upi una kivuli. Na pale Boma, lile jengo la kale, ile habari ya watumwa waliozikwa hai kwenye nguzo wanaitoa kama waliokuwapo. Nimewaambia: hekaya semeni, lakini muanze na "inasemwa". Mmoja akanijibu, "Dada katibu, inasemwa haina bahashishi."

Wakala mmoja wa mjini ana deni letu la safari nne. Kila nikipiga ni kesho. Kuanzia mwezi huu nusu inatumwa kwa simu kabla ya injini kuwashwa, awe nani.

Binamu amerudi kazini. Analala ufukweni hata usiku usio wa zamu yake.

Septemba, bamvua ya mwezi mpevu

Boya la kwanza lilidumu siku kumi na tisa. Tulikuwa tumepata ruhusa ya wahusika wa hifadhi, tukamwaga zege ndani ya tairi la lori, tukaweka pete ya nondo, kamba, na dumu la lita ishirini juu. Kusi ililisaga. Kamba ilikatika pale inapogusa pete. La pili tumeweka mnyororo meta mbili za chini ndipo kamba ianze, na tumelizamisha kwenye mchanga upande wa chini ya upepo, mbali na matumbawe. Nahodha wa zamu ya pili, yule wa nanga, ndiye aliyezamia kuliweka. Alikaa chini mpaka tukaanza kuhesabu kwa sauti.

Sasa boti hazitupi nanga Maziwe. Za kwetu, naandika. Za wengine tunaziomba zijifunge kwetu, nyingine zinakubali.

Hesabu za miezi tisa zimebandikwa. Fungu la jiko lilipita mapato ya mwani kwa miezi miwili tu, Agosti na huu. Miezi mingine yote mwani ulikuwa mbele. Kijana aliyesema hatutakua alisoma ubao muda mrefu, akaniomba karatasi anakili.

Novemba

Watu ng'ambo hii hawazungumzi kasa siku hizi, wanazungumza daraja. Daraja la mto Pangani, mita 525, sehemu ya barabara ya lami inayotoka Bagamoyo kupitia Saadani mpaka Tanga. Pantoni itapumzika. Mgonjwa atafika hospitali usiku, samaki watafika sokoni na barafu yao. Sijasikia mtu mmoja anayeipinga barabara, na mimi simo.

Lakini madalali wamefika kabla yake. Wiki hii watatu, wamevaa viatu vya mjini, wanauliza minazi ya nani, ya nani. Mzee mmoja ameonyeshwa pesa ambazo hajawahi kuziona zimekaa pamoja. Ufukwe anaotaka kuuuza sehemu yake ndiko viliko viota vyetu vingi.

Tumeitisha mkutano mkuu wa kijiji. Nilisoma kwa sauti mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999: ardhi ya kijiji haigawiwi na mtu wala na mwenyekiti peke yake, mkutano mkuu lazima uridhie. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta sitini kutoka ukingo wa bahari. Mtu mmoja nyuma akauliza, mbona nyumba zetu wenyewe zimo ndani ya sitini? Watu walicheka, na mimi sikuwa na jibu lililonyooka.

Yule mzee alisimama. Akasema hatukatai kuishi na kasa, lakini ana wajukuu wanne shuleni na mnazi mmoja kwa mwaka haulipi ada ya mmoja, mradi wetu utampa nini? Nikafungua daftari nimwonyeshe. Kwa miezi kumi na moja mzee hajapata fungu hata moja, kwa sababu hana boti, hana jiko, hana mwani. Ana ufukwe tu, ambao sisi sote tunautumia bure.

Tumekatisha mkutano. Tunarudi Ijumaa baada ya sala na pendekezo moja: kukata fungu la kumi na moja, la ufukwe, likatwe kwenye mafungu ya chombo na ya nahodha. Wenye boti wawili wamekubali. Mjomba ameomba alale nalo.

Kesho ni bamvua. Kupwa saa nne na robo, zamu ni ya boti ya tatu, wageni sita, mafuta lita ishirini. Kiota nambari kumi na mbili kina siku hamsini na moja.